Msaada Usipite Juu ya Kichwa cha Mwenye Ardhi

Mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyekuwa akinunua mkate wake alfajiri, katika miaka ya 1970 na 1980, kabla ya kukimbilia basi la kwenda kiwandani, hakuwa na sababu ya kujiuliza ngano ya mkate ule imetoka shamba gani. Alilipa, akala, akaenda kazini. Leo twamwomba mfanyakazi huyo, au mwanawe, au mjukuu wake, aketi nasi kidogo tumsimulie habari ya ngano hiyo. Sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini miaka ile ilitoka katika nyanda za Hanang, na habari ya Hanang yatufundisha juu ya misaada ya kigeni mambo ambayo hayapatikani katika taarifa za wataalamu, hata ziwe nene namna gani.

Jina la Gehandu latajwa upande wa Mbulu na upande wa Hanang pia, katika mkoa ambao tangu mwaka 2002 waitwa Manyara. Ni nchi ya juu, ambayo Mlima Hanang, wenye kilele kinachozidi mita 3,400, ndio unaotawala macho ya kila aishiye karibu nao. Huko wamo Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, na wamo Wadatoga, hasa wale waitwao Wabarabaig, ambao tangu enzi za mababu zao wamekuwa watu wa ng'ombe. Watu wa nchi hiyo wamezoea kutajwa katika maandishi ya wageni kuwa ni wanyonge, maskini, walio nyuma. Sisi twasema kwamba unyonge si kitu ambacho mtu huzaliwa nacho kama rangi ya ngozi. Mtu hufanywa mnyonge, na mara nyingine hufanywa hivyo na mkono uliokuja kumsaidia.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa na haja ya kweli. Watu wa mijini walikuwa wakiongezeka, walaji wa mkate wakiongezeka pamoja nao, na ngano ilikuwa ikinunuliwa nje kwa fedha za kigeni tulizozipata kwa shida. Serikali ikakusudia tulime ngano yetu wenyewe. Kusudi hilo lilikuwa jema, na hatumlaumu aliyelifikiri. Mwaka 1969 likaundwa shirika la umma la kilimo na chakula, ambalo watu wote walilijua kwa jina la NAFCO, na Canada, nchi inayoijua ngano kama sisi tunavyoijua mihogo, ikakubali kusaidia. Yakaja matrekta makubwa, zikaja kombaini, wakaja wataalamu. Yakafunguliwa mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kila shamba lilikuwa la ekari zipatazo 10,000 za kulimwa, na ardhi yote iliyochukuliwa ilikaribia ekari 100,000. Canada iliendelea kutoa msaada huo hadi mwaka 1993, na mamilioni ya dola yalitumika. Kwa kipimo cha magunia, kazi ilifaulu. Ngano ilivunwa, ikasagwa, ikaliwa.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu.

Wabarabaig wana jina la kila namna ya malisho, kama vile baharia alivyo na jina la kila namna ya upepo. Malisho yaliyo bora kuliko yote, yaani bonde pana la udongo mzito ambalo majani yake huota kwa wingi mvua zinaponyesha, huyaita muhajega. Wakati wa mvua ng'ombe walipelekwa huko, wakanenepa, wakatoa maziwa. Mvua zilipokwisha waliondolewa, wakaenda vilimani, porini na kando ya maziwa na mito, na muhajega ikaachwa ipumzike mpaka msimu mwingine. Hakuna aliyeandika utaratibu huo katika daftari, lakini kila mtu mzima aliujua, na aliyeuvunja aliitwa na wazee akajibu.

Sasa, msomaji, fikiri mtaalamu anayefika kwa gari wakati wa kiangazi. Aona bonde kubwa, tambarare, udongo mweusi wenye rutuba, wala hapana nyumba, hapana jembe, hapana hata ng'ombe mmoja. Aandika katika taarifa yake kwamba ardhi hii haitumiki. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ardhi iliyopumzishwa ikaitwa ardhi ya bure, na hekima ya watu ikasomwa kuwa ni uvivu wao. Bonde la muhajega ndilo hasa lililofaa kwa trekta, kwa hiyo bonde la muhajega ndilo lililolimwa.

Mtu asiyefuga aweza kusema: ekari 100,000 katika wilaya kubwa namna ile si nyingi, nao wangaliweza kuhamia kwingine. Hoja hiyo tumeisikia mara nyingi na haina uzito. Ukimnyang'anya mvuvi nusu ya nyavu zake, hubaki na nusu ya samaki. Lakini ukimnyang'anya usukani wa chombo, mbao zote zilizobaki hazimfai kitu. Muhajega ilikuwa ndio usukani wa ufugaji ule. Ilipokwenda, ng'ombe walilazimika kukaa mwaka mzima juu ya malisho ya vilimani na porini, yale ambayo zamani yalipumzishwa wakati wa mvua. Majani yakaisha, udongo ukaanza kuchukuliwa na maji. Halafu akaja mtaalamu mwingine, wa mradi mwingine, akaandika kwamba wafugaji hawa wanaharibu ardhi kwa kufuga ng'ombe wengi kupita kiasi, na kwamba yafaa waelimishwe.

Njia za kale za kwenda majini na kwenye chumvi nazo zikakatwa na mashamba. Mwenye ng'ombe alitakiwa kuzunguka shamba zima, mwendo wa saa nyingi, au kupita katikati akahesabiwa kuwa mhalifu. Wabarabaig walilalamika kwamba watu wao walipigwa, walitozwa faini, na nyumba zao kuchomwa.

Na yako makaburi. Mzee wa Kibarabaig aliyeheshimiwa sana hafukiwi na kusahauliwa. Hujengewa kilima cha udongo, na mazishi yake, yaitwayo bung'eda, huendelea kwa muda wa miezi tisa, watu wakikusanyika kutoka mbali. Kaburi hilo huwa mahali pa kwenda kuomba, na pia huwa ushahidi kwamba ukoo fulani ulikaa hapo. Baadhi ya makaburi hayo yalipitiwa na jembe la trekta. Dereva hakujua, nasi twaamini hivyo. Aliona kichuguu cha udongo katika shamba alilotumwa kulisawazisha. Mtu mmoja tu wa kijijini angaliketi karibu yake siku ile ya kwanza, angalimwonyesha kwa kidole.

Watu wa Mulbadaw hawakushika mikuki, bali walikwenda mahakamani. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 walilishtaki shirika la NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, na mahakama hiyo ikawapa haki. Shirika likakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu ile. Ilionekana kwamba kijiji hakikuonyesha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo kwa taratibu za sheria, na kwamba wanakijiji walipaswa kuthibitisha, mmoja mmoja, kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa ukoloni. Twawaheshimu majaji, na sheria waliyoisoma hawakuitunga wao. Lakini twawaomba wasomaji wafikiri juu ya jambo hilo polepole: mtu ambaye kaburi la babu yake limo ndani ya shamba la ngano, katika nchi huru, atakiwa alete ushahidi kwamba yeye ni mwenyeji.

Mwaka 1987, mgogoro ukiwa bado haujatulia, Serikali ilitoa amri ya kufuta haki za kimila katika ardhi ya mashamba yale. Mwaka uliofuata watu wengine, wa upande wa Gawal, nao wakafungua kesi yao. Sauti zao zilivuka bahari zikafika Canada, na huko pia wakapatikana wananchi wa kawaida, walipa kodi, waliouliza serikali yao fedha zao zinafanya nini Afrika.

Je, tuwalaumu Wakanada? Wana sehemu yao. Walileta kilimo cha kwao kama kilivyo, cha mashine nyingi na watu wachache, katika nchi ambayo watu ni wengi na mashine, pamoja na vipuri vyake na mafuta yake, hununuliwa kwa fedha za kigeni zile zile tulizotaka kuziokoa. Lakini twaona ni unafiki kuwatupia wao mzigo wote. Shirika lilikuwa letu. Amri ya 1987 ilitiwa sahihi na sisi. Wakubwa waliokwenda kukata utepe walikuwa wetu, na gazeti lolote la zama zile lililosifu magunia bila kuuliza habari za malisho, lilikuwa letu. Na sisi sote tuliokuwa mijini tulikula mkate ule.

Wazee wetu waikumbuka Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, wakiwa na matrekta yaliyosalia kutoka vitani na hesabu zilizofanywa London. Walipouacha mwaka 1951 zilikuwa zimepotea pauni milioni 36 hivi. Kongwa ni hadithi rahisi kusimulia, kwa kuwa ilishindwa waziwazi na kila mtu akacheka. Hanang ni ngumu zaidi kwa sababu ilifaulu. Taarifa za mavuno zilipendeza. Hasara yake haikuandikwa popote, kwa sababu aliyeipata hakuwa na safu katika daftari la hesabu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kutuonya. Lilisema kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba nchi inayotegemea fedha za wengine huuza uhuru wake kidogo kidogo. Likataja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora kuwa ndiyo mahitaji yetu. Hanang ilikuwa na watu na ilikuwa na ardhi. Tulichofanya ni kuvitenganisha viwili hivyo, kisha tukashangaa kwamba fedha hazikuleta maendeleo yaliyotarajiwa.

Tuseme sasa habari ya kushirikisha watu, maana neno hilo limekuwa kama chumvi, hakuna mradi unaopikwa siku hizi bila kulitia. Kila mradi wa kigeni huja na warsha, na kila warsha ina wadau. Neno hili wadau ni koti la mitumba linalomkaa kila mtu: mfadhili ni mdau, mkandarasi ni mdau, na bibi kizee aliyepokwa kisima naye ni mdau, kana kwamba wote wana mkate mmoja wanaogawana sawasawa. Warsha hufanyika katika hoteli ya mjini, posho hulipwa, picha hupigwa, na karatasi ya mahudhurio hutiwa sahihi. Baada ya miezi mitatu mashine hufika kijijini, na watu huuliza, ni kitu gani hiki? Hujibiwa kwamba walishirikishwa, na sahihi zao zipo.

Ajabu ni kwamba watu wa Hanang walikuwa na namna yao ya kushauriana kabla ya mfadhili yeyote kuzaliwa. Wabarabaig wanalo baraza la wanaume wazima, getabaraku, ambalo hukutana chini ya kivuli cha mti, na kila mtu husema mpaka shauri liive, hata kama itachukua siku kadhaa. Wanawake wanalo baraza lao, girgwageda gademga, lenye uwezo wa kumhukumu na kumtoza mwanamume aliyemkosea mwanamke. Ni wangapi kati ya wale wanaokuja na fomu ya kuunda kamati ya akina mama wamewahi kuuliza kama akina mama hawa wanalo baraza tayari? Huundwa kamati mpya, yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, wakachaguliwa wale wanaojua kusoma. Na baraza lenye nguvu huachwa kando, likitazama. Mradi ukimalizika, kamati nayo humalizika. Ni nani asiyekijua kisima chenye kibao kizuri cha jina la mfadhili, na pampu yake imekufa kwa kukosa kipuri cha shilingi chache, kwa kuwa hapana mtu kijijini anayehesabu kwamba pampu ile ni yake?

Hatusemi kwamba mambo ya kale yote yalikuwa mazuri. Baraza la wanaume peke yake haliwezi kusema kwa niaba ya mjane aliyenyimwa shamba na shemeji zake. Wala Mbarabaig na Mwiraqw hawakuishi sikuzote kwa amani juu ya ardhi ile. Jembe la Mwiraqw nalo limekuwa likisogea katika malisho ya ng'ombe tangu zamani, bila msaada wa Canada. Ndiyo maana Taifa lina sheria, na ndiyo maana kijiji kina mkutano mkuu ambao kila mtu wa miaka 18 na zaidi, awe wa kabila lolote, mwanamume au mwanamke, ana haki ya kuhudhuria na kusema.

Yapo mambo yaliyofanywa vizuri zaidi, tena karibu. Huko Haydom, katika Mbulu, wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali mwaka 1955. Imetibu Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na hata Wahadzabe watokao porini. Fedha nyingi za hospitali hiyo zimetoka Norway, na jambo hilo lina hatari yake. Lakini aliyeijenga alikaa. Watumishi wake wakafundishwa papo hapo, na watoto waliozaliwa humo wamerudi kuwa waganga na wauguzi wake. Mtu anayekaa husikia malalamiko, atake asitake. Anayekuja kwa mkataba wa miaka mitatu ana uwezo wa kuondoka kabla ya malalamiko kufika.

Mfano mwingine ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, ambao tangu kipindi chake cha tatu umekuwa ukitoa fedha kwa kaya maskini kwa msaada wa Benki ya Dunia na nchi rafiki. Hapo orodha ya maskini huanza kutajwa katika mkutano wa kijiji wenyewe, mbele ya watu wanaojuana, na fedha kwa kawaida hukabidhiwa mama wa nyumba. Huo ni mwendo ulio bora kuliko ule wa Hanang kwa mbali sana. Hata hivyo twauliza: siku ya mkutano ule, yule mama ambaye mume na wanawe wamehama na ng'ombe kufuata majani, naye yupo kambini, ni nani anayelitaja jina lake? Na yule asiyejua Kiswahili vizuri, asemaje? Sisi ni wapenzi wa Kiswahili, na maneno haya hatuyaandiki kwa lugha nyingine. Lakini shauri la ardhi na riziki yafaa lisemwe pia kwa Kidatoga na Kiiraqw, na muhtasari usomwe kwa lugha hizo kabla haujatiwa sahihi. Umoja wa Taifa hauvunjiki kwa bibi kizee kuelewa anachokubali.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yamepitwa, kwa kuwa misaada yenyewe inakwisha. Ni kweli kwamba mwezi Januari 1 wa 2025 ulipopita haukupita bure: kabla mwezi huo haujaisha Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Kazi nyingi za afya, hasa za kupambana na UKIMWI, zilitikisika katika nchi nyingi za Afrika, na yetu ikiwamo. Amri iliandikwa Washington asubuhi. Mgonjwa aliyekuwa akingoja dawa hakuulizwa, kama vile Mbarabaig hakuulizwa trekta lilipokuja. Kwa maoni yetu jambo hili halifuti hoja, bali laizidisha. Msaada uliopangwa bila mtu hufika bila yeye na huondoka bila yeye. Na fedha zikipungua, kila shilingi iliyobaki yapaswa ielekezwe na yule anayejua bonde gani ni la mvua na kisima gani hukauka mwezi wa Septemba.

Silaha ya sheria sasa ipo, na wanachama wetu katika matawi ya vijijini hawana budi kuijua. Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilizunguka nchi ikasikiliza malalamiko ya wananchi, na ikapendekeza kwamba ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano ya vijiji. Mapendekezo yake hayakukubaliwa yote. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inatambua haki ya kimila kuwa ni haki kamili, sawa na hati itolewayo mjini. Inaagiza kwamba katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu wawe wanawake. Inasema kwamba ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haiwezi kuhamishwa kwa shughuli nyingine mpaka mkutano wa kijiji ukubali. Ikizidi hapo, neno la mwisho ni la Waziri, ingawa kijiji husikilizwa. Tujalie mashamba ya ngano yangalianzishwa leo: kila moja lingalikuwa na hekta 4,000 hivi. Kwa hiyo watu wa Mulbadaw wangalisikilizwa, lakini wasingaliamua. Hilo twaliona kuwa ni pengo, na twashauri wabunge wetu walitazame.

Shirika la NAFCO halipo tena. Mashamba yale saba baadhi yamekwenda kwa wawekezaji, na baadhi yamerudi kwa wananchi wa vijiji vya jirani. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaangukia Katesh, Gendabi na vitongoji vya karibu, vikaua watu zaidi ya 80. Taifa zima lilichanga. Serikali na wasamaria wema walijenga nyumba zaidi ya 100 kwa waliokosa makao, na zilijengwa Waret, katika Gidagamowd. Msomaji atayatambua majina hayo. Tumeyataja hapo juu, katika orodha ya mashamba. Ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya mkate wa mjini sasa yabeba nyumba za waliofikwa na msiba wa mlima, na hatuoni matumizi yaliyo halali kuliko hayo.

Lakini ardhi iliyorudi yagawiwa kwa nani? Hapa ndipo tunapotaka macho ya wanachama. Mwenye trekta la kukodi na ndugu katika ofisi aweza kupata ekari 50 kabla mfugaji hajasikia kwamba ugawaji umeanza, na jambo hilo halihitaji mfadhili wa kigeni wala mkoloni. Katika Gehandu na vijiji vyote vinavyoizunguka nchi ile ya ngano, mpango wa matumizi ya ardhi ukiletwa mezani, na watalaamu wenye ramani wakifika na fedha za nchi yoyote ile, twashauri mambo haya yafanywe kwanza, kabla ya chai na kabla ya hotuba. Wazee wa getabaraku waitwe wazionyeshe njia za ng'ombe na mabonde ya mvua, na ramani izichore. Akina mama wa girgwageda waitwe katika baraza lao wenyewe, waonyeshe visima. Mkutano ufanyike wakati ng'ombe wamerudi, si kiangazi. Na kijana mmoja wa kijijini atembee na mpimaji, ashike kigingi pamoja naye, amwonyeshe kila kilima cha udongo kilicho kaburi, na jina la aliyelala humo liandikwe.